Upanga mrefu na mwili wako: tafuta chanzo kabla ya kuulaumu uzito

Anayeanza kujifunza upanga mrefu, ule wa mikono miwili uliofundishwa Ujerumani na Italia katika karne ya 14 na ya 15, huwa na jibu moja kwa kila tatizo la mwili: nimenenepa. Pumzi ikimkatika, kanenepa. Mikono ikilegea, kanenepa. Goti likimuuma, kanenepa. Basi anaacha kula usiku, anapungua kilo tatu kwa wiki mbili, anarudi ukumbini akiwa mnyonge kuliko alivyoondoka, na shida iliyomfanya ashinde njaa bado anayo. Nimeona watu wenye kipaji wakiacha upanga kwa njia hiyo, na inaniuma, kwa sababu tatizo la wengi wao lilikuwa dogo na chanzo chake kilikuwa kwingine kabisa.

Upanga wenyewe si mzigo. Panga ndefu za zama zile zilizohifadhiwa kwenye makumbusho nyingi zina uzito wa kati ya kilo 1.2 na 1.6, na feder, yaani upanga wa chuma wa mafunzo usio na makali na wenye bapa linalopinda, nao uko humo humo. Kinachochosha ni namna unavyoushika, vifaa unavyovaa, na mwili ambao haujazoea kukimbia hatua tatu, kusimama ghafla, kisha kurudi nyuma ukiwa umeinua mikono juu.

Kabla ya kubadili chochote, weka daftari kwa wiki mbili. Andika uzito wako wa asubuhi baada ya kwenda chooni na kabla ya kula, mapigo ya moyo ukiwa bado kitandani, saa ulizolala, na dakika ambayo shida yako ilianza katika mazoezi ya siku hiyo. Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau, na ndilo linalosema mengi: mkono unaochoka dakika ya tatu na mkono unaochoka dakika ya arobaini ni matatizo mawili tofauti.

## Mikono inalegea mapema

Jaribu hivi. Ukiwa peke yako, bila glovu wala kofia, piga mapigo hamsini ya kutoka bega la kulia kushuka kushoto, polepole, ukirudi kwenye mkao wako kila mara. Pumzika. Siku nyingine fanya hamsini hizo hizo na mwenzako anayekinga. Kama peke yako unamaliza vizuri na ukiwa na mwenzako mikono inawaka moto, nguvu unazo. Shida ni ukakamavu. Kama hata peke yako hufiki thelathini, hapo kweli nguvu hazijatosha, au upanga wako una kasoro.

Ukakamavu huanzia vidoleni. Mkulima anayelima tangu alfajiri haufinyi mpini wa jembe muda wote; anaukaza pale jembe linapogusa udongo, kisha anaulegeza linapopanda. Mpini wa upanga unataka hivyo hivyo. Mwanafunzi mpya huufinya tangu salamu hadi mwisho wa pambano, misuli ya kigasha inabana mishipa ya damu, na baada ya dakika chache vidole vinakataa amri. Dawa yake: simama kwenye kila mkao wa ulinzi, legeza vidole taratibu mpaka ncha ya upanga ianze kuinama, kisha kaza kidogo tu hadi isimame. Kiasi hicho cha nguvu kinatosha. Kirudie kila siku kwa dakika tano na utashangaa ulikuwa ukipoteza nguvu kiasi gani.

Kutoka vidoleni, ukakamavu hupanda mabegani. Mkao unaowaumbua watu ni ule wa Ng'ombe, Ochs kwa Kijerumani, ambao mpini huinuliwa kando ya kichwa na ncha kumwelekea mpinzani kama pembe. Ukiinua mpini kwa kuyapandisha mabega hadi masikioni, utachoka kabla hujapigana. Vuta makombe ya mabega chini kuelekea mifuko ya nyuma ya suruali, halafu ndipo uinue mikono. Kama huwezi bila kukunja mgongo, mabega yako yamekaza kwa kukaa mbele ya kompyuta. Yanyooshe ukining'inia kwenye bomba au tawi, sekunde ishirini hadi thelathini, mara nne au tano kwa siku.

Chanzo cha tatu ni kupiga kwa mikono peke yake. Mapokeo ya Johannes Liechtenauer, mwalimu wa karne ya 14 ambaye beti zake ndizo msingi wa upanga wa Kijerumani, yanaelekeza mtu wa mkono wa kulia aanze mguu wa kushoto ukiwa mbele, kisha mguu wa kulia ulifuate pigo. Agizo hilo hutafutiwa siri nyingi, lakini faida yake ya kwanza iko mwilini: mguu na nyonga vikisukuma, mikono inaongoza tu. Mwombe mwenzako akutazame kwa upande. Kama pigo linamalizika na mguu haujatoka, mikono yako inafanya kazi ya mwili mzima.

Na kama kweli ni udhaifu, usikimbilie kununua upanga mzito. Vegetius, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya vita, ameandika kwamba vijana wa jeshi la Roma walifunzwa kwa panga za mti zenye uzito maradufu ya zile za vita, na watu hulichukua hilo kama kibali cha kuzungusha nondo. Vijana wale walikuwa wakipiga nguzo siku nzima chini ya msimamizi, na kazi yao ilikuwa hiyo tu. Wewe una kazi, watoto, na viwiko viwili. Uzito wa ziada utumie polepole, bila kupiga kitu, na baada ya miezi kadhaa ya msingi. Msingi wenyewe hauhitaji jimu. Beba ndoo mbili za lita kumi zenye maji hatua arobaini kwenda na kurudi, piga pushapu, jivute juu kwenye bomba, au kama bado huwezi, panda kwa kuruka kisha ushuke polepole ukihesabu hadi tano. Siku mbili kwa wiki zinatosha.

## Pumzi inakatika

Swali la kwanza: je, unaweza kukimbia taratibu dakika ishirini, bila vifaa, huku ukiongea sentensi nzima bila kutweta? Kama huwezi, chanzo ni stamina ya msingi, na hakuna ufundi wa upanga utakaoiziba pengo hilo. Kama unaweza, lakini ukivaa kofia ya wavu na jaketi nene unaishiwa pumzi dakika ya pili, usiongeze mbio. Tafuta kwingine.

Tazama jaketi kwanza. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, walitoa matokeo ya kuwatembeza watu kwenye mashine ya kukimbilia wakiwa wamevaa deraya kamili, yaani mavazi ya chuma ya vita, zilizonakiliwa kutoka karne ya 15, zenye uzito wa kilo 30 hadi 50. Kutembea kuligharimu nishati zaidi ya mara mbili. Sehemu ya sababu ilikuwa chuma kilichofungwa miguuni, kwa kuwa uzito unaoning'inia kwenye viungo hugharimu zaidi kuliko uzito ule ule ukiwa kifuani. Jambo jingine ni kwamba wavaaji walivuta pumzi fupi fupi za haraka badala ya pumzi ndefu, kwa sababu kifua kilibanwa. Jaketi lako si deraya, ila kanuni ni ile ile. Lifunge, kisha vuta pumzi hadi mbavu za chini zipanuke pembeni. Zikigonga kitambaa, jaketi ni dogo, na hilo halirekebishwi kwa kujinyima chakula, tafuta linalokutosha. Ndiyo, huenda ulinunua dogo ukitumaini utapungua. Usilivae mpaka utakapopungua.

Pili, sikiliza pumzi yako unapopiga. Watu wengi huizuia tangu wanapoingia umbali wa kupigana mpaka watoke, na pambano la mapigo sita linakuwa sawa na kupiga mbizi. Toa hewa kwa sauti kila pigo, hata kama wenzako watakucheka wiki ya kwanza.

Kama ni stamina, mfano mzuri ni Jean Le Maingre, aliyejulikana kama Boucicaut, marshali, yaani kamanda mkuu wa kijeshi, wa Ufaransa. Habari za maisha yake, zilizoandikwa akiwa bado hai mwanzoni mwa karne ya 15, zinasimulia mazoezi ya ujana wake: alikimbia na kutembea masafa marefu ili azoee kuwa na pumzi ndefu, alipiga kwa shoka au nyundo kwa muda mrefu ili mikono izoee, na alipanda ngazi kwa upande wake wa chini kwa mikono tu, bila kutia miguu, akiwa amevaa deraya. Tazama mpangilio huo: pumzi ndefu, mikono ya kudumu, na uwezo wa kuubeba mwili wako mwenyewe. Kwa mtu wa leo, hiyo ni mbio au matembezi ya kasi ya dakika thelathini hadi arobaini mara mbili au tatu kwa wiki, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea, na mara moja kwa wiki mizunguko sita ya sekunde thelathini kwa nguvu na sekunde tisini za kutembea. Kuruka kamba kunafaa sana kwa mizunguko hiyo kwa sababu kunafunza pia wepesi wa nyayo. Ukifanya ile mizunguko mikali tu bila mwendo wa taratibu, utaboreka kwa mwezi mmoja kisha utakwama.

Kuna pumzi isiyotibika kwa mbio. Mtu aliyetoka kuugua malaria, mwanamke anayetoka damu nyingi ya mwezi, mtu mwenye minyoo, wote wanaweza kuwa na upungufu wa damu, na dalili yake ni hii hii ya kuhema kwa kazi ndogo, pamoja na moyo kwenda mbio na weupe wa ndani ya kope. Kipimo cha damu kinapatikana karibu kila zahanati. Pima pia namna moyo unavyotulia: baada ya pambano kali, hesabu mapigo mara moja, tembea dakika moja, hesabu tena. Yakiwa hayakushuka hata 12, mwambie daktari. Maumivu ya kifua yanayosambaa begani au tayani, au kuzimia katikati ya mazoezi, hayo hayasubiri daftari. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

## Magoti yanalalamika

Hapa ndipo uzito una hatia ya kweli, na nasema wazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 juu ya watu wazima wanene wenye ugonjwa wa viungo vya goti ulionyesha kuwa kila kilo moja waliyopungua iliondoa karibu kilo nne za mzigo juu ya goti kwa kila hatua. Hatua za upanga ni ndefu na za ghafla kuliko za kutembea. Mtu wa kilo 105 atakayeshuka hadi 97 ataisikia tofauti kwenye goti mapema kuliko ataiona kwenye kioo.

Lakini hata hapa, pima kabla ya kuhukumu. Simama mbele ya kioo, piga hatua ndefu ya kushambulia na usimame hapo. Goti la mbele linaelekea vidole vya mguu vinakoelekea, au linaanguka kwa ndani? Likianguka kwa ndani, misuli ya pembeni ya nyonga ni legevu, na maumivu huja mbele ya goti, hasa ukishuka ngazi. Tazama pia viatu. Kiatu cha mpira unaong'ang'ania sakafu humfanya mtu azungushe mwili huku unyayo umebaki, na goti ndilo hulipa. Geukia kwenye mbele ya unyayo, kisigino kikiwa chepesi. Kama goti linavimba, linakwama au linalegea ghafla na kutaka kukuangusha, acha hatua ndefu mpaka litazamwe na mtaalamu.

Fiore dei Liberi, mwalimu wa Kiitalia aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 15, alichora mtu aliyezungukwa na wanyama wanne wanaowakilisha sifa za mpiganaji: simba wa ushujaa, chui mkubwa wa milia wa kasi, linki, yaani paka mwitu mkubwa mwenye macho makali, wa busara juu ya kichwa, na chini kabisa miguuni tembo aliyebeba ngome mgongoni, ambaye hapigi magoti wala hapotezi hatua. Nampenda tembo huyo kwa sababu anasema nguvu ya mpiganaji iko katika kusimama. Namna ya kuipata ni kuchuchumaa nusu ukiwa umeegemea ukuta sekunde thelathini, kisha skwati za polepole, kisha kupanda na kushuka kwenye kidato kimoja cha ngazi mguu mmoja mmoja, na kulala ubavu ukiinua mguu wa juu kwa ajili ya nyonga. Mwenye uzito mkubwa asiruke kamba wala kukimbia kwenye lami miezi ya kwanza. Atembee kwa kasi kupanda mlima, aendeshe baiskeli, au aogelee. Hatua za upanga azifanye fupi. Hakuna mwalimu wa kale aliyeagiza kila pigo liwe na hatua ya mita moja na nusu.

## Kiwiko kinauma kwa nje

Ukiinua kikombe cha chai na kiwiko kikakuchoma upande wa nje, ni kano, na kano hukomaa polepole kuliko misuli. Mara nyingi utakuta umeongeza siku za mazoezi ghafla, au unausimamisha upanga mwishoni mwa pigo kwa kifundo cha mkono badala ya kuuacha upite. Punguza mapigo kwa nusu bila kuacha kabisa. Shika chupa ya maji ya nusu lita, kigasha kikiwa juu ya meza na kiganja kikitazama chini, inua kwa msaada wa mkono wa pili na ushushe peke yako ukihesabu hadi nne, mara kumi na tano, seti tatu kwa siku. Maumivu madogo yanavumilika. Subira ya miezi miwili hadi mitatu ni ya kawaida.

## Uzito haushuki ingawa unafanya mazoezi

Wiki tatu za kwanza usiuamini mzani. Misuli iliyoanza kazi mpya huvimba kidogo na huhifadhi wanga pamoja na maji, na kila gramu ya wanga hiyo hubeba karibu gramu tatu za maji. Mtu anaweza kupanda kilo moja hadi mbili huku mafuta yakipungua. Pima kiuno kwa utepe usawa wa kitovu mara moja kwa wiki, na linganisha wastani wa uzito wa wiki na wastani wa wiki, kamwe si siku na siku.

Mwezi ukiisha na vyote viwili havijasogea, hesabu ni rahisi. Makadirio ya kawaida huupa mchezo wa upanga nishati mara sita ya kukaa kimya, ambayo kwa mtu wa kilo 80 ni karibu kalori 480 kwa saa. Ila hiyo ni saa ya kupigana mfululizo. Katika darasa la saa mbili unamsikiliza mwalimu, unasubiri zamu, unafunga mikanda, unazungumza. Ukipata dakika arobaini za jasho la kweli, umefanya vizuri. Sahani moja ya chipsi mayai na soda njiani kurudi nyumbani inavirudisha vyote na nyongeza. Na kwa waliopo Ulaya, ambako baada ya mazoezi vilabu vingi huhamia baa, nusu lita moja ya bia ni karibu kalori 200.

Usianze kwa kukata ugali wala wali. Anza na vinavyoingia bila kuhesabiwa. Soda ya nusu lita ina takriban gramu 50 za sukari. Vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vidogo vya sukari, vinakaribia kalori 200. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kalori 120, na katika mboga za nyumba nyingi vipo vinne au vitano. Ukipunguza hapo utapata upungufu wa kalori 300 hadi 500 kwa siku, bila mtu mezani kujua kwamba uko kwenye mpango wowote. Kasi nzuri ni nusu kilo kwa wiki; mwenye kilo zaidi ya 100 anaweza kwenda hadi kilo moja.

Chanzo kingine ambacho watu hawakitarajii ni kukaa. Yule aliyefanya mazoezi jioni hujiona ana haki ya kupanda bodaboda kesho yake hata kwa mwendo wa dakika kumi. Mwili unarudisha kwa kukaa ulichotumia kwa upanga. Tembea.

## Uzito unashuka na nguvu zinaondoka nao

Hii naiogopa kuliko ile ya juu, kwa sababu mhusika huwa anafurahi. Mzani unashuka kilo mbili kwa wiki, suruali inalegea, watu wanamsifu. Ukumbini lakini anachelewa kukinga, anakasirika upesi, halali vizuri, na mapigo yake ya asubuhi yamepanda kwa saba au nane juu ya kawaida yake. Kwa mwanamke, hedhi inaweza kukatika. Anapoteza misuli.

Ongeza chakula, na ongeza protini kabla ya kingine. Anayefanya mazoezi huku akipungua anahitaji takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake. Kwa kilo 70 ni gramu 112 kwa siku. Yai moja lina gramu sita, kikombe cha maharage yaliyopikwa karibu kumi na tano, kikombe cha maziwa nane. Dagaa wakavu ndio hazina yetu: karibu nusu ya uzito wao ni protini, ni rahisi, na wanakaa kabatini bila friji. Gawanya kwenye milo mitatu au minne, usiviweke vyote usiku. Na saa mbili au tatu kabla ya mazoezi kula wanga: kipande cha ugali, viazi vitamu, ndizi. Pigo la haraka hutumia wanga, na mtu aliyeingia na tumbo tupu atapigana vizuri dakika kumi tu.

Mwezi wa Ramadhani, wafungaji wafanye mazoezi ya mikao na hatua za polepole kabla tu ya kufuturu, na mapambano wayaweke baada ya futari kutulia. Lengo la mwezi huo liwe kutopoteza ulichonacho. Kupunguza uzito kusubiri Shawwal.

## Kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kugonga

Jaketi nene, glovu, kofia ya wavu na kitambaa cha shingo huzuia jasho kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Kwa hiyo joto la mazoezi linabaki ndani hata kama nje kuna baridi. Katika ukumbi wa bati wa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari hali inakuwa ya hatari hasa, na mwenye mwili mkubwa hupata joto mapema kuliko mwembamba.

Jipime kabla na baada ya mazoezi, ukiwa umejifuta jasho. Kila kilo iliyopotea ni kama lita moja ya maji. Hayo si mafuta, na usishangilie. Ukipoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito wako, unakunywa kidogo mno. Ukiongezeka uzito, umekunywa kupita kiasi, na maji mengi yasiyo na chumvi nayo hudhuru. Kwa mazoezi marefu ya jasho jingi, kinywaji kile kile anachopewa mtu anayeharisha kinafaa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Mwenzako akianza kuyumba, kujibu ovyo au kutomtambua mtu, usimkalishe "apumzike kidogo." Mvue kofia, glovu na jaketi pale pale, mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima na mpepee kwa nguvu, na mwingine apige simu ya gari la wagonjwa. Mpoozeni huku mnasubiri, na msimnyweshe kama fahamu zimepungua. Mkojo wa rangi ya soda nyeusi siku moja au mbili baada ya mazoezi makali, pamoja na misuli iliyovimba, nao unataka hospitali mara moja, kwa sababu figo ziko hatarini.

## Mgongo wa chini unabana

Mara nyingi ni kuinama kiunoni ili kufika mbali badala ya kupiga hatua. Fanya planki, yaani kujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka, ya sekunde ishirini mara tano, na mwambie mwenzako akuguse mgongoni kila unapoinama. Maumivu yakishuka mguuni hadi chini ya goti, au mguu ukifa ganzi, muone daktari.

## Wewe ni mwembamba na kila mtu anakusukuma

Huyu naye huambiwa aongeze kilo. Kuongeza kunasaidia: kalori 300 za ziada kwa siku, karanga, parachichi, maziwa, na skwati zenye mzigo. Lakini chunguza kwanza panga zinapogusana. Ukijibu nguvu kwa nguvu, mzito atashinda daima. Wafafanuzi wa Liechtenauer walilitilia mkazo hili: panga zikikutana, hisi kama mwenzako amekaza au amelegea, akiwa amekaza, lainika na mzungukie upande mwingine, na akilainika, sukuma kati. Waliona kwamba bila hilo ufundi usingekuwa na kazi, maana mwenye nguvu angeshinda kila mara. Tazama pia unapokutanisha: ukikinga kwa sehemu ya upanga iliyo karibu na ncha, hata mtoto atakusukuma, kinga kwa sehemu iliyo karibu na kikingio cha mpini na utasimama mbele ya mtu wa kilo 100.

## Mwili mzito wiki ya mashindano

Mashindano mengi ya upanga mrefu hayagawi watu kwa uzito. Basi ile desturi ya mabondia ya kujikausha maji ili waingie daraja la chini haina faida yoyote huku, na itakuharibia siku. Kama miguu inakuwa mizito siku chache kabla, umefanya mazoezi mengi mno mwishoni. Wiki ya mwisho punguza muda wa mazoezi kwa nusu, ukibakiza kasi. Lala kwa muda wa saa nane. Usijaribu chakula kipya. Siku yenyewe kula mlo wako wa kawaida muda wa saa tatu kabla ya pambano la kwanza. Kati ya pambano na pambano, vua kofia na fungua jaketi hata kama umeambiwa zamu yako iko karibu, kunywa mafunda machache, kula nusu ya ndizi, na keti mahali penye upepo mpaka utakapoitwa.